As-Suli: bingwa wa sataranji aliyeacha kitabu

Sataranji nilifundishwa na padri. Jambo hili huwachekesha wajukuu zangu hapa Maskati, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1962 nilikuwa mwanafunzi wa shule ya misheni huko Tanga, na jioni za Jumamosi padri aliyetusomesha hesabu alikuwa akitoa ubao wake, akizipanga kete, na kutueleza kuwa huu ni mchezo wa wafalme wa Ulaya. Tulimwamini. Kete zenyewe zilikuwa na askofu mwenye kofia yake ya kiaskofu, na pembeni kabisa ngome ya mawe kama zile za vitabuni, sasa tungemkatalia kwa lipi?

Likizo ilipofika nikaenda kumwonyesha babu yangu mzaa mama ujuzi wangu mpya. Mzee alinisikiliza kimya mpaka nilipofika kwenye neno la mwisho, lile analotamka mchezaji wakati mfalme wa mwenzake hana pa kukimbilia. Akacheka. Akanitaka nilirudie polepole, halafu akaniuliza kama sisikii ndani yake shah mat, yaani mfalme amekwisha. Akaniambia kuwa ile ngome ya mawe jina lake ni rukhu, na yule askofu zamani alikuwa ndovu, na kwamba watu wa Baghdadi walikuwa wakicheza sataranji wakati wazungu hawajui hata rangi ya ubao. Nilirudi shuleni nimenyamaza, maana padri alikuwa mtu mwema na sikutaka kumvunjia heshima.

Miaka mingi ilipita. Nilifanya ukarani miaka 34, ya mwanzo bandarini kwetu na iliyobaki hapa Oman, na sikupata nafasi ya kuyafuatilia maneno ya babu mpaka nilipostaafu. Ndipo mpwa wangu aliponiletea kutoka Cairo kitabu cha kale kiitwacho Adab al-Kuttab, adabu za makarani, akisema kitanifaa kwa vile mimi ni mwenyewe. Kiarabu changu ni cha ofisini, cha barua na fomu, kwa hiyo nilikaa nacho pamoja na rafiki yangu mmoja aliyesoma sana, yeye akisoma na mimi nikiuliza. Ni kitabu cha kalamu na wino, namna ya kufungua barua kwa bismillahi, namna ya kupiga muhuri, nani aandikwe kwa cheo gani. Nikamwuliza rafiki yangu huyu mwandishi ni nani aliyetujua makarani namna hii. Akanijibu kuwa ni Abu Bakr Muhammad bin Yahya as-Suli, ambaye watu wa zamani walimwita pia ash-Shatranji, mtu wa sataranji. Tangu siku hiyo nimekuwa nikimtafuta, na leo nataka kuwasimulia wasomaji wetu maisha yake.

As-Suli alikuwa mtoto wa nyumba kubwa iliyokuwa imeshaingia kwenye utumishi. Babu zake walikuwa Waturuki watawala wa Jurjan, nchi iliyo kando ya Bahari ya Kaspi, ambayo leo iko Iran. Mmoja wao, aliyeitwa Sul, alisilimu mkononi mwa Yazid, mtoto wa al-Muhallab bin Abi Sufra. Wasomaji wa hapa sina haja ya kuwaeleza al-Muhallab ni nani: ni Mwazdi, asili yake Oman. Kwa hiyo hata huyu bingwa wa Baghdadi, ukifuata uzi wa nasaba na wala wa ukoo wake, utafika huku kwetu. Kizazi kilichofuata cha watu wa Sul kiliacha upanga na kushika kalamu. Ibrahim bin al-Abbas, nduguye babu yake, alikuwa mshairi na katibu mkubwa katika serikali ya Bani Abbas, na alifariki mwaka 857.

Yeye mwenyewe alizaliwa katika nusu ya pili ya karne ya 9, akasomea Baghdadi wakati mji ule ulipokuwa na walimu ambao mmoja wao tu leo angetosha kuipa nchi nzima sifa. Lugha aliisoma kwa al-Mubarrad na Thaalab, hadithi aliisikia kwa Abu Daud as-Sijistani. Ukisoma orodha hiyo utafikiri anatayarishwa kuwa kadhi au imamu. Lakini kijana huyu alikuwa na jambo jingine, na ndilo lililomfungulia mlango wa ikulu.

Kabla ya kuingia humo, niseme kidogo jinsi mchezo wenyewe ulivyokuwa, maana mtu anayejua sataranji ya leo atapotea. Ubao ni ule ule wa vyumba 64, na mfalme, farasi na rukhu walikwenda kama wanavyokwenda leo. Ila pembeni mwa mfalme hapakuwa na malkia. Palikuwa na firzani, yaani waziri, naye alikuwa mnyonge: hatua moja tu, tena kwa mshazari, basi. Ndovu aliruka vyumba viwili kwa mshazari. Askari wadogo walisogea chumba kimoja kimoja tangu mwanzo. Na palikuwa na njia ya kushinda ambayo leo hatunayo: ukimnyang'anya mwenzako kete zote akabaki mfalme peke yake, umeshinda, isipokuwa kama naye kwa zamu yake inayofuata anaweza kukufanyia vivyo hivyo. Ni mchezo wa subira. Jeshi lilichukua muda kukutana na jeshi, na kwa sababu hiyo wachezaji walikuwa na namna zao za kulipanga kwanza, kila mpango na jina lake. Mmoja uliitwa mujannah, wenye mbawa. Mwingine mashaikhi, mpango wa masheikh. Mwingine sayyal, mafuriko. (Kama mchezo huu ni halali au makuruhu, maulamaa wamelizungumza tangu zama hizo na mimi si mtu wa kutoa fatwa.)

Khalifa al-Muktafi alitawala kuanzia mwaka 902 hadi 908. Alikuwa na bingwa wake wa sataranji aitwaye al-Mawardi, na wasomaji wasimchanganye na yule faqihi mwandishi wa vitabu vya utawala, ambaye alizaliwa baadaye sana. Al-Mawardi alikuwa amezoeana na khalifa muda mrefu na hakuna aliyemfikia. Watu wakamtajia khalifa kuwa yuko kijana wa ukoo wa Sul anayecheza vizuri, akaamrisha waletwe wote wawili mbele yake.

Al-Masudi, mwanahistoria aliyeishi zama hizo hizo, ametuachia habari ya siku ile. Anasema khalifa hakuficha moyo wake. Alikuwa upande wa al-Mawardi waziwazi, akimtia moyo, akimsifu kila anaposogeza kete. Na as-Suli, ambaye ndiyo kwanza anaingia mahali pale, alipoona mwenye mji mwenyewe anamshangilia mpinzani wake, alibabaika. Mwanzo wa mchezo akili yake ilimpotea.

Hapa huwa nasimama kidogo kila nikiisoma habari hii. Mtu yeyote aliyewahi kuitwa ofisi ya mkubwa akakuta mkubwa ameshaamua, anaijua hali ile. Karatasi unazo mkononi, haki unayo, lakini ulimi unakuwa mzito. Basi as-Suli alijikusanya. Al-Masudi anasema aliporudi katika nafsi yake alimshinda al-Mawardi ushindi ambao haukumwachia mtu yeyote pale shaka, mpaka khalifa mwenyewe akakiri. Na wakubwa walivyo, mapenzi ya miaka yakageuka palepale. Al-Mawardi maana yake ni mtu wa marashi ya waridi, na khalifa akamfanyia mzaha kwa jina lake, kwamba waridi lake limegeuka mkojo. Mtu aliyekuwa akishangiliwa asubuhi, jioni anatukanwa mbele ya watu, kwa kosa la kushindwa mchezo mmoja. As-Suli aliliona hilo kwa macho yake siku ya ushindi wake, na sijui kama alijua kuwa ameonyeshwa na mwisho wake mwenyewe.

Tangu hapo jina lake likapanda. Wachezaji wa wakati ule walipangwa kwa madaraja, na daraja la juu kabisa liliitwa aliyat. Hilo lilikuwa la watu wachache mno, kila zama mmoja, wawili, au watatu. Kabla yake walikuwapo al-Adli na ar-Razi, waliokutana mbele ya khalifa al-Mutawakkil na al-Adli akashindwa. As-Suli aliingia katika safu hiyo, na wengine wakasema ndiye mkubwa kuliko wote. Kwa karne nyingi baadaye, mtu akitaka kumsifu mchezaji kwa Kiarabu alimwambia kuwa anacheza kama as-Suli. Ibn Khallikan, aliyeandika kamusi yake ya maisha ya watu mashuhuri katika karne ya 13, analalamika kuwa wako watu wanaodhani as-Suli ndiye aliyeuvumbua mchezo wenyewe. Ikambidi awasahihishe, awaeleze kuwa mchezo ulitoka Bara Hindi, na hapo hapo akasimulia kile kisa cha Sissa aliyemwomba mfalme punje moja ya ngano kwa chumba cha kwanza, mbili kwa cha pili, nne kwa cha tatu, hivyo hivyo mpaka cha 64. Mfalme alidhani ameombwa gunia. Jumla yake ni punje 18,446,744,073,709,551,615. Nimeihesabu mwenyewe kwa mkono, kwa karatasi na penseli, na ilinichukua mchana mzima.

Lakini mchezo ukimalizika kete hurudi sandukuni. Hakuna mchezo hata mmoja wa as-Suli uliobaki ukiwa umeandikwa hatua kwa hatua kama wanavyofanya mabingwa wa leo. Siku ile ya al-Mawardi, iliyotikisa ikulu, hatujui nani alianza kusogeza nini. Laiti angekuwa mchezaji tu, tungekuwa na jina lake na mzaha wa khalifa, basi.

Alichofanya ni kuandika. Kabla yake al-Adli alikuwa na kitabu cha sataranji, na as-Suli alikichukua kama mkaguzi anavyochukua daftari la hesabu, akaonyesha mahali al-Adli alipohukumu vibaya, pale aliposema mchezo umeisha sare na kumbe una mshindi. Yeye mwenyewe akaandika vitabu viwili, cha kwanza na cha pili. Humo alieleza ile mipango ya mwanzo ya jeshi, upi una nguvu na upi una udhaifu, akakusanya mafumbo ya mwisho wa mchezo, akaeleza mchezaji hodari anatakiwa kumpunguzia mnyonge kete gani ili mchezo uwe wa haki. Na kila kete waliipa bei. Rukhu ni dirham nzima, farasi ni theluthi mbili za dirham, na wengine wakashuka chini yake. Nilipofika hapo nilifurahi. Huyu ni karani kabisa, nilisema, hata vita vya mchezoni lazima avipigie hesabu.

Kitabu cha asili hakikubaki. Kilichotufikia ni nakala za wakusanyaji wa baadaye walionukuu kutoka kwake, na nakala moja muhimu iliyoandikwa mwaka 1140 ilikuwa imehifadhiwa Istanbul. Mwingereza H. J. R. Murray, mkaguzi wa shule, aliamua kujifunza Kiarabu ili aweze kuzisoma habari hizi, na mwaka 1913 akatoa kitabu kikubwa cha historia ya sataranji ambacho as-Suli amejaa humo. Kwa hiyo padri wetu, kama angetaka, angeweza kuyasoma maneno ya babu yangu kwa lugha yake mwenyewe.

Sataranji ilikuwa sehemu moja tu ya kalamu yake. Nilipomweleza mke wangu kuwa huyu ndiye aliyekusanya diwani ya Abunuwasi alidhani namtania. Sisi watu wa pwani tunamjua Abunuwasi wa hadithi, mjanja aliyemchezea Harun Rashid kila hila. Abu Nuwas mwenyewe alikuwa mshairi wa kweli kweli wa Baghdadi, na as-Suli ni miongoni mwa waliomkusanyia mashairi yake kwa utaratibu. Alifanya hivyo pia kwa Abu Tammam, akaandika na kitabu kizima cha habari zake kumtetea dhidi ya waliomdharau. Na kazi yake kubwa katika historia ni Kitab al-Awraq, kitabu cha karatasi, chenye habari za makhalifa na washairi wa Bani Abbas. Sehemu iliyokuwa ikihusu makhalifa wa mwisho aliowatumikia iliandikwa na mtu aliyekuwa chumbani, aliyekula nao na kucheza nao, na hadi leo wanahistoria hawawezi kuipita.

Nisimpambe kupita kiasi. Ibn an-Nadim wa Baghdadi, katika orodha yake maarufu ya vitabu, amemshtaki kuwa sehemu ya Kitab al-Awraq aliinakili kutoka kwa mwandishi mwingine, al-Marthadi, na anasema aliiona nakala ya al-Marthadi. Na watu walimcheka kwa maktaba yake. Alikuwa na chumba kilichojaa vitabu vilivyopangwa kwa rangi za majalada, safu hii nyekundu, ile ya kijani, ile ya manjano, na mtu akimwuliza jambo alimwita kijana wake amletee kitabu fulani. Mshairi mmoja akamtungia beti za kejeli, kwamba elimu ya as-Suli iko kabatini, haiko kifuani. Zama zile mwanachuoni alitakiwa ajue kwa moyo. Hapo mimi nasimama upande wake moja kwa moja. Nilipanga mafaili kwa rangi miaka 34, na nimewaona waliokuwa na kila kitu kichwani wakiumwa wiki moja ofisi nzima ikasimama.

Al-Muktafi alifariki mwaka 908 na nafasi yake ikachukuliwa na ndugu yake al-Muqtadir, kijana wa miaka 13. As-Suli alibaki ikulu, na baadaye akapewa kazi ya kuwasomesha wana wa khalifa, Muhammad na Harun. Kuna kisa anachokisimulia mwenyewe cha siku moja ya darasa. Watumishi wa bibi yao, mama yake al-Muqtadir, waliingia ghafla wakavikusanya vitabu vyote vya mwanafunzi wakaondoka navyo. Kijana Muhammad alikasirika sana. As-Suli akamtuliza, akamwambia kuwa huenda wamesikia anasoma vitabu visivyofaa na wanataka kukagua, na yeye kafurahi wakivikagua. Baada ya muda vitabu vikarudishwa. Kijana akawaambia wale watumishi wapeleke salamu kwa waliowatuma, kwamba wameona wenyewe ni vitabu vya hadithi za Mtume, fiqhi, lugha na mashairi, wala si kama vile wanavyosoma wao, vya maajabu ya baharini, kisa cha Sindbad, na habari ya paka na panya. Nimekipenda kisa hiki kwa sababu mbili. Kwanza, kumbe Sindbad alikuwa akisomwa ikulu na wakubwa huku mtoto akisoma fiqhi. Pili, unamwona mwalimu anavyojua kuwa kazi yake iko chini ya macho ya watu asiowaona.

Al-Muqtadir aliuawa vitani mwaka 932. Ndugu yake al-Qahir alikaa miaka miwili tu, akapinduliwa na kupofushwa macho. Mwaka 934 akatawazwa yule mwanafunzi, Muhammad, kwa jina la ar-Radi. Hii ndiyo miaka ya neema ya as-Suli. Mwanafunzi hakumsahau mwalimu. Al-Masudi anasimulia kuwa siku moja ar-Radi alikuwa akitembea bustanini na wenzake, bustani yenye maua ya kila namna, akawauliza kama wamewahi kuona kitu kizuri zaidi. Kila mmoja akaisifu bustani kwa ufasaha wake. Yeye akawaambia kuwa uchezaji wa as-Suli ni mzuri kuliko bustani hii na kuliko yote waliyoyataja.

Ila dola yenyewe ilikuwa imeanza kumomonyoka. Mwaka 936 ar-Radi alilazimika kumpa jemadari wa jeshi cheo cha amiri wa maamiri, na madaraka yote ya fedha na askari yakahamia huko. Khalifa akabaki na jina, bustani, mashairi na bingwa wake wa sataranji. Kama ule mchezo wao wa zamani: mfalme amesimama, kete zinamwondoka moja moja. Ar-Radi alifariki mwaka 940, umri wake miaka 31 tu.

Aliyemfuata, al-Muttaqi, aliwaondoa wote waliokuwa wakikaa naye ndugu yake. Alisema hataki masahaba wala watu wa kuzungumza naye usiku, msahafu unamtosha. Nani angeweza kumpinga mtu kwa neno kama hilo? Lakini kwa as-Suli, aliyeishi ikulu karibu miaka 40, maana yake ilikuwa moja: posho imekatika. Mwaka mmoja ofisi yetu ilipata mkubwa mpya, na wiki ya kwanza alibadilisha viti, meza na watu. Mimi nilipewa chumba kidogo karibu na ngazi. Nilikuwa na pensheni mbele yangu, kwa hiyo nilikaa kimya nikahesabu miezi. As-Suli hakuwa na pensheni. Alikuwa mzee, ana maktaba ya rangi tatu, na ujuzi ambao unahitaji mtu mwenye nguvu ayapende maajabu yake.

Alikwenda Wasit kwa Bajkam, jemadari wa Kituruki aliyekuwa na nguvu halisi Iraki. Bajkam alimkaribisha. Huyu alikuwa mtu wa ajabu: Kiarabu alikielewa lakini hakukizungumza, akitumia mkalimani, kwa kuwa aliona kosa la lugha kwa mkubwa ni aibu. Pengine as-Suli alidhani amepata kivuli cha kumalizia umri. Mwaka 941 Bajkam akauawa akiwa mawindoni.

Dhiki ya maisha ikamtoa Baghdadi kabisa, akateremka Basra. Wazee wetu waliijua Basra kwa tende zilizokuja na majahazi ya kaskazi, na huko ndiko alikokwenda kumalizikia. Hata huko hakupumzika. Ibn Khallikan anasema alisimulia habari moja inayomhusu Sayyidna Ali, na habari hiyo ikawakasirisha watu, wakubwa na wadogo, mpaka wakamtafuta wamuue. Akajificha. Alifariki Basra akiwa mafichoni, mwaka wa 335 au 336 Hijria, yaani 946 au 947. Mtu ambaye khalifa alimfananisha na bustani, akamwona yeye mzuri zaidi, alikufa bila watu kujua yuko nyumba gani. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Wanafunzi walibaki. Mmoja wao, maarufu kwa jina la al-Lajlaj, mwenye kigugumizi, alifika Shiraz kwenye ikulu ya Adud ad-Dawla na akaandika kitabu chake mwenyewe juu ya mpango ule wenye mbawa.

Na limebaki fumbo. Katika mafumbo aliyoyaacha liko moja ambalo wazungu wanaliita almasi ya as-Suli. Ukilitazama utaona ni kitu chepesi: ubao mzima una kete nne tu, kila upande mfalme na firzani wake. Mweupe anaanza na anatakiwa ashinde. As-Suli aliandika kuwa ni fumbo la kale, gumu, kwamba al-Adli wala mwingine hakuweza kusema mwisho wake ni nini, na kuwa duniani hakuna aliyelifumbua ila aliyefundishwa na yeye. Jawabu lake halikutufikia. Watu wakalitazama karne baada ya karne. Wako waliosema alijigamba tu, halina jawabu. Ilikuwa miaka ya 1980, zaidi ya miaka elfu tangu alipofia Basra, ndipo Yuri Averbakh wa Moscow alipolifumbua. Naye alikuwa bingwa wa nchi yake aliyegeuka mwandishi, mjuzi wa mwisho wa mchezo kuliko karibu wote wa zama zake, akaishi hadi mwaka 2022 akiwa na miaka 100. Alionyesha kuwa mzee alisema kweli: mweupe anashinda, kwa njia ndefu na nyembamba, ambayo ukikosea hatua moja imekupotea.

Nimezipanga kete hizo nne kwenye meza ya barazani tangu Ramadhani iliyopita. Firzani nimemfanya kwa kifuniko cha chupa, maana sanduku langu lina malkia tu. Mjukuu wangu alinipitia juzi, akasema jawabu liko kwenye simu, anionyeshe. Nikamwomba aiweke mfukoni kwanza, avute kiti, acheze mweusi.